Kilio Yenye Ilitoka mu Filme

Acha niseme haya yangu mi mwenyewe, juu nikinyamaza mutaisikia kwa bengine, na bo bataongeza chumvi mupaka mushindwe kuila. Mi, Mbuyi, kambo, bibi ya bajukuu, mwenye kichwa nyeupe, mwenye anakaaka mustari ya kwanza mu kanisa na kunyamazisha batoto ya bengine, nililia kilio ya kufa juu ya filme, muchana, mulango wazi, na avenyu yetu yote ikakuja na biti ya kukalia kilio kichwani, na mwanamuke mwenye ninapenda sawa mudogo yangu wa tumbo moja alikaribia kuacha roho mu matope ya maji ya kufulia. Mupaka leo nikienda kuteka maji ku robine, kuko batoto benye banashika kichwa na mikono mbili na kulialia, kisha mumoja anauliza, "Kambo, leo ni filme gani?" Ninabaacha. Beko na haki.

Masomo mi sikupata mingi. Baba yangu alitoka Kasai, balimuleta hapa Kolwezi kutumika mu mine, kuchimba shaba, na aliona kama mutoto mwanamuke akijua kuandika jina yake na kusoma Biblia polepole, inatosha. Lakini kichwa yangu inashikaka majina sawa gundi. Niambie jina yako leo, potea miaka, siku ya kurudi nitakuita, na jina ya mama yako nitaweka juu. Na mu mafilme ya tele, zile za kufuatana kila siku, ninajua nani ni muke ya nani, nani alizaa na nani mu siri, na mbele filme iishe nimesha sema nani njo mubaya, na bamama ya avenyu banakuyaka kuniuliza mi, hapana batoto yabo benye kusoma. (Kiburi, ndiyo. Njo ilinishika mukono mupaka pale nilianguka.)

Lakini mbele ya filme, mujue mutoto yangu Kalala, juu bila ye hamutaelewa kitu.

Kalala njo baba ya Grâce, mujukuu mwenye ninakaa naye. Alikuwa muchimbaji, na siku shimo yabo ilianguka alikuwa chini. Bengine balitolewa, tukabazika: Mukendi, na Papy mutoto ya fundi cherehani, na ule kijana mwembamba wa Mutshatsha mwenye balikuwa banamuita Pasta. Kalala habakumupata. Kisha muntu mumoja akasema alimuona asubui ile mu kamyo yenye kuenda Zambia. Mi nikashika ile neno na meno. Bandugu balipokuja kusema tufanye matanga, nilibafukuza na mufagio, juu kwetu kulia muntu mwenye eko muzima ni kumuitia kifo, na mi nilisema Kalala eko muzima, eko Zambia, siku moja atatuma habari. Grâce alikuwa mutoto wa kubebwa. Alikomaa na ile Zambia. Na muntu yeyote hakutaja tena jina ya Kalala mbele yangu na sauti ya kutajia bafu.

Wa pili wa kujua ni Mama Kapinga, jirani yangu, tunatenganishwa na lupango ya mabati tu. Eko na tansio, ule ugonjwa ya damu kupanda. Mutoto mwenye alibakia naye ni Héritier, na Héritier anachimba kule mu mashimo ya Mutoshi. Sasa, hapa kwetu, udongo ikifunga mutoto ya muntu, habaendake kwa mama yake kumuambia. Hapana. Banaendaka kwanza kwa jirani mukubwa, banamuambia chini ya sauti, ule jirani anaita bamama bengine, wa kumushika mikono, wa kumumwangia maji, njo banaingia kwake pamoja. Mu avenyu yetu ule jirani mukubwa ni mi. Nimesha fanya ile kazi, haina utamu. Kwa ile, mama mwenye mutoto yake anashukaka mu shimo kuchimba anategaka sikio yake kwangu kila muchana, hata kama hasemi.

Basi. Grâce anasoma iniversite na anauzisha mu farmasi, na alinunua tele mupya, ile ya bapa sawa sinia. Grâce anapenda bitabu kuliko bukari, ugali yetu. Alikuwa na kitabu moja, banasema bantu ba inchi mingi banainunua na kuigombania, na nilimuona aliimaliza, akaifunga, akaikalia juu, hakula. Kisha ile kitabu ikageuka filme, na rafiki yake akamuletea.

Ilikuwa siku ya poso, ni kusema jumamosi, muchana. Akaniambia, "Kambo, hii haiko ya kwako. Nitaiona mi peke yangu."

"Juu ya nini? Beko uchi?"

"Habako uchi, Kambo. Ni ya kichwa."

"Kichwa ninayo."

"Kambo..."

"We Grâce, mi nimesha ona filme mbele mama yako azaliwe. Weka."

Aliniangalia kitambo, nikafikiri ni heshima. Akaweka. Na mi (mungojee, hapa njo ujinga yangu iliota mizizi) nikaamuka, nikafungua mulango yote, nikavuta rido, ile pazia, nikasema joto, joto ni nyingi leo. Joto haikukuwa. Nilitaka Mama Thérèse, mwenye kuuzisha makala, mukaa ya kupikia, akipita aone tele yetu. Na nikamuambia Grâce apandishe sauti, juu masikio yangu ni ya zamani. Masikio yangu ni nzima.

Filme ilikuwa ya inchi ya baridi, nyumba moja kando ya ziwa, maji yote imegeuka barafu. Mwanamuke aliitwa Éliane, bwana yake Docteur Marc. Grâce alikuwa ananigeuzia ile Kifaransa yabo. Kwa mwanzo Éliane anakunja manguo ya mutoto, anaingiza mikono ya shati ndani, anakunja mara mbili, inakuwa kapaketi kadogo. Kapaketi kazuri, hata mi nilikapenda. Kesho yake anaenda kuamusha mutoto yake Théo, na mu chumba hakuna kitanda, kuko makarto tu, masanduku ya karatasi, mavumbi juu. Anaita, anakimbia, anauliza bwana, na bwana anamujibu na sauti ya pole, "Hakuna mutoto hapa, Éliane." Jirani naye vile vile. Mwalimu wa masomo naye vile vile, anamufungia mulango polepole. Na Docteur Marc kila mangaribi anamuletea chai na dawa.

"Ni ye!" nilisema. "Bwana! Ona macho yake. Alificha mutoto."

Grâce alibakia kuangalia tele.

"We, ulisoma kitabu, sema kama nimeanguka. Ni bwana?"

"Ona tu, Kambo."

Nikaona. Na nilimutukana ule Docteur Marc ile matusi yote yenye Mungu anaruhusu na mbili zenye haruhusu, na Mama Thérèse akapita kweli na kifuko yake ya makala, akasimama ku barabara, akashangaa tele, nikamupungia mukono sawa muke ya guvernere. Moyo yangu ilikuwa imenona. Nilikuwa na hakika. Kila mama mwenye bantu banamuambia mutoto yako haiko, na ye anasema eko, mi niko upande yake, hata kama ni muzungu.

Kisha Éliane akashuka mu chumba ya chini ya nyumba. Akafungua karto moja. Ndani kuko manguo ya Théo yote, safi, na kila shati mikono ndani, mara mbili, kapaketi kadogo.

Grâce hakunigeuzia kitu, juu hakukuwa neno. Na mi nilielewa mbele ya Éliane. Hakuna mwenye alimuficha mutoto. Ye njo alimukunja. Filme ikarudi nyuma, ikatuonyesha: Théo alikufa mu ile ziwa, balimuzika, na mama akakataa, na kila mara balimuambia alitaka kufa naye, mupaka bwana na majirani bakakubaliana kusema tu, hakuna mutoto hapa. Na haikukuwa bongo, neno ya kudanganya.

"Lia," nilimuambia Éliane. Nilisema na sauti ya kawaida, sawa muntu anasema karibu. "Lia, mama. Lia sasa."

Hakulia. Alirudisha shati ndani, akafunga karto, akapanda juu, akaweka meza, akaweka sahani ya bwana, sahani yake, na sahani kadogo. Akaita ku ngazi, "Théo! Kuya kula!" Na uso yake ilikuwa ya furaha.

Mi sijui namna ya kubaambia ile ilinikuta. Sikuamua. Kulikuwa kitu mu tumbo, chini kabisa, nimekaa juu yake tangu ile siku ya shimo, na ile kitu ikaamuka. Nikajikuta chini, kitambaa ya kichwa imetoka, mikono kichwani, na kilio ikatoka, hapana ya kupiga makelele tu, ile yenyewe, ile yenye inaendaka mupaka ku reli: "Mwana wetu eee! Udongo imemukula mwana wetu! Mama eee, tutamuonea wapi mwana wetu!" (Mu kilio hatusemake "yangu". Tunasemaka "wetu", hata ukiwa wewe njo ulizaa.)

Grâce alinirukia, "Kambo! Kambo, ni filme!" na mi ninamusikia sawa muntu eko ngambo ya mto.

Sasa inje. Mama Kapinga alikuwa anafula. Alisikia, na hakuuliza, juu hakukuwa kitu ya kuuliza: muchana ya kazi kule mu shimo, jirani mukubwa, udongo, mwana wetu. Habari imefika kwangu kwanza, sawa desturi. Akasema neno moja tu, "Héritier," akaanguka kando ya basini, na maji ikamumwangikia. Mama Thérèse akatupa kifuko ya makala mu barabara, akaanza kulia naye, akaingia mu mulango ya Kapinga. Mama Odette akatoka na unga ku mikono. Tata Ilunga, mukubwa wa avenyu, akabeba benchi yake. Bijana bakakata matawi, bakayaweka mu barabara, namna tunafanyaka pa kilio ili magari ipite polepole. Na bawili benye pikipiki bakawasha, mumoja ni Dieumerci mutoto ya Odette, bakaenda Mutoshi mbio, na kule bakakuta Héritier eko juu ya shimo, eko muzima, anakula mukate, na habakujua bamuambie nini, juu ye njo mufu mwenye balikuja kutafuta. Bakamuambia, "Kwenu kuko kilio." Ye akaelewa kama ni mama yake.

Ile yote mi sikujua. Nililia mupaka sauti ikachoka, Grâce akanipangusa, nikafunga kitambaa, nikatoka ku mulango nivute hewa. Na kiwanja ya lupango imejaa. Biti, benchi, mikeka, bamama bamejifunga bitambaa ku kiuno. Bote bananiangalia.

Mi nikauliza, "Nani amekufa?"

Jameni. Niliuliza ile. Na machozi yangu ku shavu.

Tata Ilunga akasema, "Mama, we njo utuambie."

Grâce akatokea nyuma yangu, akasema, chini ya sauti, "Ilikuwa filme."

 Muntu akacheka nyuma, na Mama Odette akasema, "Filme? Filme gani? Mi niliacha chungu ya majani ya sombe ku moto!" na mwingine, "Kambo Mbuyi, si utoke basi utulipie miguu!" na mi ningeweza kucheka nabo, ningeweza kweli, kama singeona kupitia mabati bamama babeba Kapinga, mikono yake inaninginia.

Nilikimbia. Na magoti haya, nilikimbia. Balimulaza pa mukeka, banamumwangia maji, macho imegeuka, mudomo imepinda kidogo upande. Nilimushika uso. "Kapinga, hakuna kitu. Kapinga, Héritier hana kitu. Ni mi. Ni ujinga yangu." Hakunisikia. Grâce akaenda kukimbilia farmasi kutafuta dawa ya tansio, na mi nikabakia pale ninaomba, na ile maombi sitaisema, juu nilimupatia Mungu mambo yenye sina haki ya kumupatia. Nilijiambia, nimeua muntu na tele.

Dawa ikafika. Bakamuweka chini ya ulimi. Tukangojea. Mudomo ikarudi pahali yake polepole, na akafungua macho, na wakati ile ile pikipiki ikaingia, na Héritier akaruka mbele isimame, miguu bila biatu, uso nyeusi na udongo, analia "Mama! Mama!" na bote bawili bakaonana, kila mumoja alikuwa amesha zika mwenzake. Mi nimezeeka, lakini ile sauti yenye Kapinga alitoa, sijaisikia pengine.

Bantu bakaanza kushusha pumzi. Bakaanza kuokota biti. Héritier naye, mutoto wa kupenda masheka, akajipangusa, akasema, "Kambo, kumbe mi niko mufu? Basi deni ya bia imeisha." Bakacheka. Hata mi kidogo.

Kapinga hakucheka. Alikaa pa mukeka, akamushika Héritier na mukono, na akaniangalia, akaniita sawa banaitaka dada mukubwa.

"Yaya Mbuyi. Huyu hatashuka tena mu shimo."

"Mudogo yangu, samehe..."

"Kusamehe nimesamehe. Lakini balimulia muzima. Ile kilio ilitoka, bantu basikia, matawi eko mu barabara. Kilio ikitoka inatafuta mwenyewe. Ikikosa, itashika ule mwenye balifikiria. Sema ni ya nani."

Mi nikasema, na haya nyingi, "Ni ya Théo."

"Théo nani?"

"Mutoto ya mu filme. Alizama mu ziwa."

Mama Odette akaweka mukono ku mudomo. Kapinga akatikisa kichwa. "Ule Théo hana ndugu hapa Kolwezi. Yaya, mi ninakujua. Mi nililia na we siku ya kuzika bwana yako. Ile ya leo haikukuwa machozi ya muzungu. Sema ni ya nani, niache mutoto yangu aende."

 Nikaona kama bote habakushangaa. Ile njo iliniuma, habakushangaa. Balikuwa banangojea tu, Thérèse, Odette, Tata Ilunga na benchi yake mu mukono. Grâce alisimama ku kona ya mabati, kikaratasi ya dawa mu mukono, hakuniangalia. Alisoma ile kitabu mupaka mwisho. Alijua tangu alipoifunga. Na alibakia kunijibu Zambia kila mara nilisema Zambia, sawa ule Docteur Marc na chai yake.

Ningeweza kusema tena bongo. Ulimi ilikuwa imesha izoea. Lakini mbele yangu kulikuwa mutoto ya muntu, muzima, mama yake amemushika sawa banamunyanganya.

"Ni ya Kalala," nilisema. "Ni ya mutoto yangu Kalala. Hakuenda Zambia. Alibakia mu shimo na Mukendi na Papy na Pasta. Eko chini kule. Ni kilio yake."

Kapinga akaachilia Héritier. Akafungua kitambaa yake ya kichwa, na maji bado inatiririka mu nywele, akaifunga ku kiuno, akasogea pa mukeka, akanipatia nafasi, na akaanza ye wa kwanza: "Kalala eee! Kalala wa Mbuyi!" Bamama bakaitikia. Tata Ilunga akarudisha benchi chini. Hakuna mwenye alirudi na kiti yake. Na Grâce, mwenye hakujua kulia baba juu mi nilimukataza na Zambia yangu, akakuja kuweka kichwa ku magoti yangu na akalia kama katoto, na nikamuambia bitu byote bya baba yake: alipenda kuimba akioga, aliogopa mbwa, alimupatia jina Grâce ye mwenyewe, mi nilitaka Tshala.

Matanga tulifanya namna inafanyikaka, na chungu ya sombe ya Odette yenye iliungua tulikula vile vile. Héritier, mama yake alimumwangia maji kichwani mbele ya bantu, kumuosha ile kilio, na juma yenye ilifuata akarudi Mutoshi, na Kapinga anategaka sikio yake kwangu kila muchana, na mi ninachunga sauti yangu sawa muntu anachunga moto mu nyumba ya majani.

Filme ninaona bado, siwezi kubadanganya. Lakini Grâce akisema, "Kambo, hii haiko ya kwako," ninaamuka bila kuuliza, ninaenda kutwanga sombe. Na kusema nani njo mubaya mbele filme iishe, ile nimeacha kabisa. Mara moja nilimuuliza Kapinga, miaka yote ile, mbona hakuniambia. Alikuwa anachambua mafi ya panya mu muchele, hakuinua kichwa.

"Tungekuambia nini, yaya? Siye tulikuwa tumesha mulia Kalala zamani. Kila mumoja kwake, mulango imefungwa, ili usisikie."